Sloti zenye sura ya Uchina zionyeshe hasara kuwa ni hasara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu makala iliyochapishwa katika gazeti lako wiki mbili zilizopita, ambamo mwandishi aliisifu michezo ya sloti ya mtandaoni, yaani kamari ya kuzungusha safu za picha kwa dau, yenye mapambo ya Kichina kuwa ni burudani ya kutuliza akili, tena akaongeza kwamba mchezaji mwenye subira anaweza kujipatia kipato kidogo humo. Nimeisoma makala hiyo mara tatu. Sina ugomvi na mwandishi, na ninaamini aliandika kwa nia njema, lakini nimeucheza mchezo wa aina hiyo karibu kila usiku kwa miezi saba, na niliyoyaona humo ndani hayafanani na aliyoyaeleza. Ninalolilalamikia ni jambo moja: mchezo huu humpigia mchezaji ngoma ya ushindi wakati fedha yake inapungua, nayo mapambo ya heri ya Wachina ndiyo yanayoifanya ngoma hiyo ipokelewe kwa furaha.

Kwa msomaji ambaye hajauona, mchezo hufunguka kwa skrini nyekundu iliyotiwa nakshi za dhahabu, zumari ikilia taratibu kwa nyuma. Katikati kuna safu tano zenye nafasi tatu tatu, na katika nafasi hizo hupita joka, samaki wa dhahabu, taa za karatasi, sarafu za duara zenye tundu la mraba, vipande vya dhahabu vyenye umbo la mashua, na mzee mwenye ndevu ndefu anayetabasamu. Alama ikianzia safu ya kushoto na kuendelea safu kwa safu, huhesabiwa popote ilipo, na kwa hiyo skrini hutangaza kwamba kuna njia 243 za kushinda. Namba hiyo ni tatu iliyozidishwa kwa tatu katika safu zote tano, wala haisemi lolote kuhusu ni mara ngapi utalipwa au utalipwa kiasi gani, lakini mtu akiiona kwa mara ya kwanza hudhani milango 243 imeachwa wazi kwa ajili yake.

Juu ya safu hizo kuna chungu cha dhahabu. Kila inapotokea sarafu ya namna fulani, sarafu hiyo huruka na kutumbukia chunguni, na chungu kinavimba, kinatikisika, kinaanza kufurika, hadi mchezaji anaamini kwa dhati kwamba jakpoti, yaani zawadi kubwa kuliko zote, imekaribia na kwamba akiondoka sasa atakuwa amemwachia mwingine mavuno yake. Mimi niliamini hivyo kwa wiki kadhaa. Kuna usiku niliokaa macho hadi alfajiri kwa sababu ya chungu kile tu, nikiona aibu kukiacha kikiwa kimejaa. Kisha siku moja nikabonyeza alama ndogo ya swali iliyoko pembeni mwa skrini, nikasoma kanuni zote kwa utulivu, na karibu na mwisho nikakuta imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba kujaa kwa chungu ni pambo tu na hakuonyeshi ukaribu wa zawadi yoyote. Sentensi hiyo moja ingewekwa juu, pale chungu kilipo, ningelala.

Mapambo haya hayakuokotwa ovyo. Katika Kimandarini, namba 8 hutamkwa ba, sauti iliyo karibu na fa, neno la kutajirika, na ndiyo maana sherehe ya kufungua Michezo ya Olimpiki ya Beijing iliwekwa tarehe 8 ya mwezi wa 8 mwaka 2008, tena ikaanza saa ambayo kwa hesabu ya Wachina ni ya nane usiku, yaani saa mbili usiku kwa hesabu yetu. Samaki huitwa yu, na neno la ziada inayobaki baada ya matumizi hutamkwa vivyo hivyo, kwa hiyo picha ya samaki ni dua ya nyumba isiyopungukiwa. Neno fu, yaani heri, huandikwa kwenye karatasi nyekundu na kubandikwa mlangoni wakati wa mwaka mpya, na wengine huligeuza kichwa chini kwa sababu neno la kugeuza linafanana kwa sauti na neno la kufika, kana kwamba heri imeshawasili nyumbani. Ile sarafu yenye tundu la mraba ilikuwa fedha halisi kwa zaidi ya miaka elfu mbili, tangu enzi ya Qin hadi mwisho wa enzi ya Qing mwanzoni mwa karne ya 20, na tundu lake lilitumika kupitishia uzi ili sarafu zitungwe kama shanga na kuhesabiwa kwa wingi. Yule mzee mwenye ndevu ni Caishen, mungu wa utajiri, ambaye watu humkaribisha majumbani mwao kwa heshima kubwa.

Kinachonigusa zaidi ni bahasha nyekundu. Kwa Wachina, mkubwa humpa mtoto bahasha hiyo yenye fedha ndani wakati wa mwaka mpya, naye mtoto huipokea kwa mikono miwili. Mtoaji hadai kitu, na mpokeaji hakulipa chochote kabla. Katika mchezo niliokuwa nikiucheza, bahasha hizo hizo hudondoka kama mvua katika raundi ya bonasi, na mchezaji huzigusa moja baada ya nyingine akiona namba zinaruka kutoka ndani. Mle ndani hamna zawadi ya mtu yeyote. Mna sehemu ya madau yake mwenyewe na ya wachezaji wenzake, iliyokwisha kupunguzwa fungu la mwenye mchezo. Nadhani mtu anaweza kuichukua alama ya ukarimu ya watu wengine na kuitumia kwa mapenzi na adabu, lakini kuichukua na kuivisha mashine ya kukusanya madau ni kuigeuza maana yake yote, na Mchina anayeithamini bahasha hiyo ana haki ya kuumia kuliko mimi.

Ni vyema pia wasomaji wajue kwamba jina la Uchina halina uzito wowote hapa. China bara haijaruhusu kasino wala michezo ya sloti ya mtandaoni. Kifungu cha 303 cha Sheria ya Jinai ya nchi hiyo kinaadhibu wanaokusanya watu kucheza kamari kwa ajili ya faida pamoja na wanaofungua kasino, na marekebisho yaliyoanza kutumika Machi 2021 yaliongeza adhabu na kuwagusa hata wanaowapanga raia kwenda kucheza kamari nje ya nchi. Kinachoruhusiwa kwa wananchi ni bahati nasibu za serikali, ile ya ustawi wa jamii iliyoanza mwaka 1987 na ile ya michezo ya mwaka 1994. Macau pekee, iliyorudishwa kwa China Desemba 1999 baada ya karne nyingi za utawala wa Kireno, ndiyo yenye kasino halali, na ni kweli kwamba mwaka 2006 mapato yake ya kamari yaliipita Las Vegas, jiji la kasino la Marekani. Hata hivyo, anayegusa joka kwenye simu asidhani anashiriki mchezo wa jadi ambao wazee wa Uchina wanaucheza chini ya mti. Mashine yenyewe ilizaliwa Marekani, joka likaja kupakwa juu yake baadaye.

Sasa niende kwenye fedha, maana hapo ndipo makala yako ilipoteleza. Kila akaunti ina ukurasa wa kumbukumbu, ambao wachezaji wachache sana huufungua. Nilichukua kumbukumbu za usiku mmoja, nikaziandika kwenye daftari kwa kalamu ya risasi, mstari kwa mstari. Sitaji ni fedha ya nchi gani kwa sababu hesabu ni ile ile kokote. Nilianza na salio la 1,000, nikaweka dau la 20 kila mzunguko, na kwa muda wa dakika 35 hivi nikazungusha mara 412. Katika mizunguko hiyo, mashine ilinipigia ngoma, ikawasha fataki na kuandika neno la ushindi kwa herufi za dhahabu mara 131. Nilipokuwa nacheza nilihisi usiku ule ulikuwa mwema. Nilipoandika kwenye daftari niliona kwamba katika ngoma hizo 131, mara 84 nilikuwa nimerudishiwa pungufu ya dau nililoweka: nimetoa 20, nimerudishiwa 8, na joka limetema moto kunipongeza. Mizunguko iliyoniongezea fedha kweli ilikuwa 47 tu. Mizunguko 365 iliyobaki ilinipunguzia, lakini 281 tu ndiyo iliyokuwa kimya.

Naomba wasomaji wakae kidogo na jambo hili, maana ndilo kiini cha barua yangu. Mtu aliyempa muuza duka noti ya 20 akarudishiwa 8 bila bidhaa yoyote mkononi, hawezi kuambiwa ameshinda 8. Angelalamika papo hapo. Lakini ndani ya mchezo huu anaambiwa hivyo kila baada ya sekunde chache, kwa sauti ile ile, rangi ile ile na furaha ile ile anayopewa aliyeshinda kweli, na mwili wake unaamini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, wakiongozwa na Mike Dixon, walipima jasho la ngozi za wachezaji wa sloti na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010: msisimko wa mwili baada ya hasara iliyovishwa ushindi ulifanana na ule wa ushindi wa kweli, na ulikuwa tofauti na ule wa hasara ya kawaida. Niliposoma hayo nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikiinua uso na kutabasamu peke yangu gizani, huku salio likishuka chini ya macho yangu, kwenye pembe ya skrini ambako namba huandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote.

Usiku ule niliumaliza nikiwa na salio la 370. Mchezo ulitangaza katika kanuni zake kwamba hurudisha 96% kwa wachezaji, nami, kama wengine wengi, nilikuwa nimeelewa kwamba nikiingia na 1,000 nitatoka na 960 au karibu na hapo, yaani burudani ya usiku mzima kwa bei ya 40. Kumbe asilimia hiyo haihesabiwi juu ya fedha uliyoingia nayo. Inahesabiwa juu ya kila dau, na madau yangu ya usiku ule, 20 mara 412, yalifika 8,240, kwa sababu kila kilichorudi nilikiweka tena. Asilimia nne ya 8,240 ni karibu 330, na hiyo ndiyo bei ya wastani ya usiku wa namna ile. Mimi nilipoteza 630 kwa kuwa wastani hupatikana kwa mamilioni ya mizunguko na si kwa mizunguko 412. Mchezaji anayeweka fungu lake lote na kuliweka tena lote lililorudi, akirudia hivyo mara 17, kwa wastani atabaki na nusu yake, bila mashine kuvunja kanuni hata moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kasi ya mchezo ni jambo zito kuliko asilimia yenyewe. Anayezungusha polepole na anayezungusha haraka wanalipa asilimia ile ile, lakini wa pili anailipa mara nyingi zaidi kwa saa.

Mwandishi wa makala alisema pia kwamba mchezaji mzoefu hujifunza kusoma mashine, akajua lini imeshiba na lini itatema. Maneno hayo ya kushiba na kutema nimeyasikia kwa wachezaji wengi, na niliyatumia mwenyewe. Hayana msingi. Ndani ya mchezo kuna programu inayotoa namba nasibu mfululizo, na namba iliyopo wakati unapobonyeza kitufe ndiyo inayoamua kila kitu. Safu zinapoanza kuzunguka, matokeo yameshapatikana, na mzunguko unaouona ni picha ya kukuonyesha jambo lililokwisha. Kubonyeza mara ya pili ili kuzisimamisha mapema hakubadilishi kitu, wala kubadili dau, wala kuondoka na kurudi baadaye. Mashine haikumbuki kwamba umeliwa mara 30 mfululizo, na kwa hiyo haiwezi kukuhurumia.

Zamani, walau mchezaji aliweza kuhesabu. Charles Fey, mhamiaji kutoka Bavaria aliyekuwa na karakana San Francisco, alitengeneza mwishoni mwa karne ya 19 mashine aliyoiita Liberty Bell, yenye magurudumu matatu ya chuma, na mtu mwenye subira angeweza kukadiria nafasi yake kwa kuangalia picha zilizokuwa zimechorwa juu ya magurudumu hayo. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, nchini Marekani ya kifaa kilichoiachia kompyuta kazi ya kuchagua mahali gurudumu litakaposimama, na tangu hapo kile jicho linachokiona na uwezekano halisi vikaachana. Alama kubwa inaweza kupita mbele ya macho yako mara kwa mara, na bado ikapangiwa kusimama kwa nadra sana. Kwenye simu hakuna gurudumu lolote, kuna mchoro wake tu, na mchoro hupangwa upendavyo.

Katika nafasi hiyo iliyoachwa kati ya jicho na hesabu ndimo linamoishi jambo ambalo kila mchezaji analijua kwa jina la kukosa kidogo. Majoka mawili yameshasimama, safu ya tatu inapunguza mwendo, zumari inapanda, moyo unadunda, na joka la tatu linasimama kidole kimoja nje ya nafasi tatu za safu yake. Niliyaona hayo mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nikiamka usiku nikiliona joka lile. Kwa hesabu, kukosa kwa kidole kimoja na kukosa kabisa ni kitu kimoja, kwani huku ni hasara na kule ni hasara, wala hakuna ujuzi unaoongezeka kama unavyoongezeka kwa mpigaji mshale aliyekaribia shabaha. Utafiti wa Luke Clark na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009 kwa kutumia picha za ubongo, uliwaonyesha wachezaji wakiripoti kwamba kukosa kidogo hakukuwapendeza, na bado kuliwaongezea hamu ya kuendelea, tena kukaamsha sehemu za ubongo zinazoitikia ushindi. Miongo kadhaa kabla yake mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alikuwa ameshaonyesha kwa njiwa kwamba ndege anayepewa nafaka kwa idadi isiyotabirika ya midono hudonoa kwa bidii na huchelewa sana kuacha, na yeye mwenyewe alitaja mashine za kamari kuwa mfano wa jambo hilo kwa binadamu. Sioni aibu kufananishwa na njiwa. Ninachoomba ni kwamba anayeshika nafaka ajulikane.

Niliandikia kampuni yenye mchezo huo. Niliuliza, kwa lugha ya heshima, kama ngoma na fataki zinaweza kuzimwa pale malipo yanapokuwa madogo kuliko dau, na kama jumla ya hasara ya usiku inaweza kuonyeshwa kando ya salio. Jibu lilikuja siku ya pili. Lilinishukuru kwa kuwa mteja mwaminifu, halikugusa hata moja kati ya maswali yangu mawili, na likanipa mizunguko 20 ya bure. Niliizungusha, nikapata 140, nikataka kuitoa, ndipo nikaambiwa kwamba fedha ya bonasi haitoki mpaka iwekwe dau mara 35. Mara 35 ya 140 ni 4,900, na asilimia nne ya 4,900 ni 196. Kwa maneno mengine, ili nikabidhiwe zawadi ya 140 nilitakiwa kupita katika madau ambayo kwa wastani hula 196. Nilikuwa nimeshaanza kuweka dau la kwanza nilipomaliza hesabu hiyo pembeni mwa daftari, nikafunga simu. Kuweka fedha katika akaunti ile kulikuwa jambo la mguso mmoja. Kuifunga kulinichukua siku tisa na barua nne.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maumbile ya mchezo na hayawezi kurekebishwa. Yanaweza, na yamerekebishwa. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2020 hairuhusiwi kucheza kamari kwa kadi ya mkopo. Kuanzia 31 Oktoba 2021, Tume ya Kamari ya nchi hiyo iliamuru kwamba sloti za mtandaoni zisipige sauti wala kuonyesha picha za kusherehekea malipo yaliyo sawa na dau au pungufu yake, kwamba kila mzunguko uchukue si chini ya sekunde 2.5, kwamba kitufe cha kujizungusha chenyewe kiondolewe, na kwamba mchezaji aonyeshwe muda aliotumia pamoja na alichopata au kupoteza katika kikao chake. Mwaka 2025 ukawekwa ukomo wa dau kwa kila mzunguko: pauni 5 kwa watu wa miaka 25 na zaidi kuanzia Aprili, na pauni 2 kwa wenye miaka 18 hadi 24 kuanzia Mei. Majoka hayakupigwa marufuku, wala samaki, wala taa za karatasi. Kilichokatazwa ni joka kumpongeza mtu anayepoteza. Ikiwa programu inaweza kunyamaza kwa mchezaji wa nchi moja, inaweza kunyamaza kwa wa nchi nyingine, kwani ni mistari michache ya maagizo ya kompyuta.

Sitaki kuwatisha wanaocheza mara moja moja kwa fedha wasiyoihitaji. Wengi wao hawadhuriki, na najua wapo walioshinda kiasi kikubwa, kwa sababu majina yao ya kujificha hupita chini ya skrini usiku kucha, fulani kapata elfu kumi, fulani kapata elfu arobaini. Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, nami nililala mlango wazi miezi saba nikisoma majina hayo. Walioliwa hawapiti chini ya skrini. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa kamari katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, kwenye kundi la matatizo yatokanayo na uraibu, na familia zinazoishi na mgonjwa wa namna hiyo hazikuhitaji orodha ili kujua. Mke wangu alijua kabla yangu. Hakuniuliza nimepoteza kiasi gani. Aliniuliza kwa nini siku hizi nikiitwa siitiki.

Kwa gazeti lako, Mhariri, ninayo maombi mawili. La kwanza, sloti isitajwe tena katika kurasa zenu kuwa chanzo cha kipato, kwa sababu mchezo ambao kanuni zake zenyewe zinakiri kubakiza asilimia nne ya kila dau hauwezi kuwa kipato cha mchezaji, hata awe na subira ya namna gani. La pili linahusu matangazo. Katika toleo lile lile lenye makala niliyoitaja, ukurasa wa nyuma ulikuwa na tangazo la rangi la mchezo wa aina hii, chungu kikifurika sarafu na namba 8 ikiwa imerudiwa mara tatu. Naomba matangazo hayo yakiendelea kupokelewa, yabebe kwa herufi zinazosomeka asilimia inayorudishwa, maelezo kwamba asilimia hiyo huhesabiwa kwa kila dau, na ile sentensi ya kanuni isemayo kwamba kujaa kwa chungu hakuonyeshi ukaribu wa zawadi. Daftari langu la usiku ule lina kurasa 11. Nimeambatisha nakala yake pamoja na barua hii ili mwandishi wa makala ayapitie mahesabu mwenyewe, na akiona nimekosea popote, nitashukuru akinisahihisha katika ukurasa huu huu.

Wako katika usomaji,
Msomaji wa siku nyingi